Meno ya Mama Mkwe

Mkamwana alikuwa na kiherehere cha kuchambua taka, usiombe. Tangu karakana ya mtaani ianze kusaga plastiki za majumbani na kuzigeuza mabeseni, kopo halikai mezani likapumua. Asubuhi hiyo alikomba yote, akapeleka gunia, akarudi akiimba.

Ndipo mama mkwe akatoka chumbani ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kopo langu la thiagi liko wapi?"

"Lipi, Mama?"

"Nililolowekea meno!"

Mkamwana akalikumbuka gunia. Jioni wageni wanakuja kumposa wifi yake, na msemaji wa familia ni mama huyo huyo. Miaka mitano hajampa mkwewe hata tabasamu la bahati mbaya. Sasa na hili!

Alitoka mbio, ndara mkononi. Karakanani mashine ilikuwa inanguruma. Kwenye rundo alikaa mchambuaji waliyembandika jina la Sikio, maana kila kopo alilitikisa sikioni kwanza, na likilia kwa ndani analifungua kabla halijasagwa.

"Meno?" Sikio hakushangaa hata kidogo. "Ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

Akafunua beseni. Mlikuwa na seti tatu.

"Za wiki hii tu hizo. Wenyewe wanaona haya kuzifuata. Chagua ya kwenu."

Mkamwana akakodoa macho. Moja ina meno madogo, nyingine mapana, ya tatu ina mwanya. Akajaribu kumkumbuka mama mkwe akicheka. Wapi! Miaka mitano wanakula meza moja, hajui meno yake yakoje. Iliuma kuliko alivyotarajia.

"Nipe zote," akasema.

Nyumbani akaziosha, akazipanga kwenye sahani, akaziweka mbele ya mwenyewe.

"Nisamehe, Mama. Sijui ni yapi. Hujawahi kunichekea."

Mama mkwe akaitazama sahani, akamtazama mkwewe. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka machozi, kinywa wazi, ufizi wa juu mtupu.

"Mwanangu," akasema, akiokota yale yenye mwanya, "thio kwamba thikupendi. Nikicheka, yanachomoka."

Mkamwana naye akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakimbia kumrudishia Sikio seti mbili zilizobaki, kabla njaa haijawafanya wenyewe wazifuate.