Maziwa ya Ngamia na Volti Mia Tatu

Stima ilipotea asubuhi na, kama kawaida, hakuna aliyejua itarudi lini. Tangi la kupozea maziwa la kikundi cha akina mama lilikuwa limejaa maziwa ya ngamia, na jua la Isiolo lina huruma gani? Hibo, aliyekabidhiwa tangi hilo na wenzake, akawasha jenereta. Ikanguruma, ikazimika. Akawasha tena. Ikazimika tena, taa nyekundu ikimkodolea macho.

Akamwita Ekaale, fundi wa mtaa wa Chechelesi. Ekaale akapima kwa mita, akaguna.

"Mama, inatoa volti mia tatu badala ya mia mbili na arobaini. Inajizima ndio isiunguze vitu. Nipe muda nifuate waya moja moja."

Muda! Kule Burat watu walikamua ngamia licha ya ukame huu, ndama wakabaki wakilia njaa, kwa sababu Hibo alimwapia Abiba, mkusanyaji wao wa maziwa, kwamba hakuna tone litakaloharibika mikononi mwake. Sasa maziwa yalikuwa yameanza kupata joto.

"Si ukate tu hiyo kitu inaizima?"

"Hiyo ndiyo inatulinda, Mama."

"Kama unaogopa, nitaita fundi mwingine. Wallahi, kata!"

Ekaale akatikisa kichwa, akakata.

Jenereta ikawaka na haikuzimika. Hibo akapiga vigelegele. Kompresa, ile mashine inayolipoza tangi, ikaanza kuvuma, mvumo ukapanda, ukapanda, kisha paa! Moshi mweusi ukafuka chini ya tangi. Ekaale alikimbia kuzima, lakini wapi! Kompresa ilikuwa imeungua.

Ekaale hakumlaumu Hibo. Afadhali angemtukana! Alirudi kwenye jenereta kufuata zile waya, kama alivyotaka tangu mwanzo. Akaipata moja nyembamba iliyolegea, ile inayokipasha habari ya volti kidhibiti, kifaa kinachopima nguvu ya kusukuma umeme. Kidhibiti kikikosa habari hudhani volti ni kidogo, kikazidi kusukuma. Akaikaza kwa bisibisi, akawasha.

Mita ikasoma mia mbili na arobaini, ikatulia hapo hapo. Hibo aliitazama, mikono kichwani.

Pikipiki ikaingia uani, madumu ya maziwa mengine yakigongana nyuma.

"Salaam aleikum, Hibo!" Abiba aliita kabla hata ya kushuka, sauti imejaa furaha. "Nasikia jenereta! Alhamdulillahi, maziwa yetu imepona!"