Mtani Haombwi Radhi

Kagongwa nzima ilijua kwamba chapati za Mwahija ni laini kuliko za Sikujua, na Kagongwa nzima ilikula kwa Sikujua. Chai ya Sikujua ilinuka moshi, na benchi lake lilikuwa na msumari uliokwishachana suruali za watu watano. Lakini huko ndiko wachuuzi wa ng'ombe walikojazana siku za mnada, na ndiko malori ya pamba yalikosimama. Kwa Mwahija, ng'ambo ya barabara, nzi walitembea juu ya meza bila kusukumana.

Hoteli ya Mwahija ilikuwa kwenye wiki yake ya nne. Kaka yake, Maulidi, karani wa reli kule Tabora, alimpa mwezi mmoja tu. "Ukiisha bila wateja, nakuja kukuchukua." Mwahija alijua anachukuliwa kwenda wapi. Ni kile chumba cha stoo alimolala miaka miwili tangu aachike, katikati ya magunia ya mchele, akilea watoto wa wifi yake na kuulizwa kila kipande cha sabuni kimeishia wapi. Na sasa barua ilikuwa imefika: anakuja Jumamosi.

Mambo yaliharibika siku ile ile ya kufungua, na walioshuhudia waliyasimulia mpaka Kahama, kila mmoja na chumvi yake. Jilala, mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa kofia pana na sauti pana zaidi, aliingia na wenzake saba. Hakukaa.

"Bebe, wewe Mzaramo! Nani kakuruhusu kupika huku? Babu zetu walibeba pembe za tembo mpaka kwenu, ninyi mmekaa kivulini mnakuna nazi na kututoza ushuru wa njia! Leo nachukua changu." Akaokota chapati kubwa kuliko zote, akaing'ata palepale.

Wenzake walishaanza kucheka. Walimtazama mwenye hoteli, wakangoja.

"Hapa ni mahali pa biashara," Mwahija akasema. "Kama huna hela, mlango ule pale."

Kicheko kikakatika. Jilala aliiweka chapati kwenye sahani, akaweka sarafu pembeni yake, akavua kofia. "Samahani, mama," akasema kwa upole, akatoka. Wale saba wakamfuata. Ule upole ndio ulioimaliza hoteli.

Si kwamba Mwahija hakujua utani. Binti wa Kizaramo, hata aliyezaliwa Tabora, hukua akijua Msukuma ni mtani wake, anaweza kumtukana na kumnyang'anya, naye akalipiza. Alijua, ila aliogopa. "Mwanamke asiye na mume akicheka na wanaume, kicheko hicho watu hukimalizia wenyewe." Hayo yalikuwa maneno ya Maulidi, naye aliyabeba mpaka Kagongwa pamoja na sufuria zake. Basi akauza kwa heshima, akarudisha chenji kwa heshima, akashinda peke yake kwa heshima.

Aliyemletea maziwa kila asubuhi alikuwa Mbuke, Mama Nkwabi, mke mkubwa wa huyo huyo Jilala. Maziwa hayana ugomvi.

"Mwangaluka," Mbuke akamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Nkwabi. Leo nipe nusu tu."

"Jana nusu, leo nusu. Kesho utaninunulia harufu?"

Mwahija alitaka kutabasamu, machozi yakamtangulia. Mbuke akatua kibuyu, akakaa. Habari imemjia yenyewe, angeiachaje ipite?

"Kaka yangu anakuja Jumamosi kunirudisha. Yote kwa sababu mzee wako ananichukia."

"Hakuchukii. Amekuona mgeni, basi. Mtani akikutukana mbele za watu anawaambia, huyu ni wetu, kaeni mle. Alikuja kukufungulia hoteli, wewe ukamfungia mlango."

"Nitamwomba radhi."

"Weee! Mtani haombwi radhi. Ukimwomba, ndiyo umekubali kwamba si mtani wako. Kamtukane."

"Mumeo? Na mimi nilivyo peke yangu? Watu watasemaje?"

"Watasema. Mimi mwenyewe nasema kuliko wote." Mbuke akashusha sauti. "Ila sikiliza. Ukicheka na mmoja gizani, hilo ni neno. Ukicheka na ishirini mchana kweupe, wale ishirini ndio walinzi wako. Unavyojinunia humu ndani peke yako, ndivyo watu wanavyojiuliza unaficha nini."

Ijumaa ilikuwa mnada. Mwahija alijifunga kanga mbili, akafuatana na Mbuke katikati ya vumbi na mikia. Jilala alikuwa anabishania bei ya dume jekundu, watu wamemzunguka. Mwahija akapenya, akaidaka kamba ya lile dume.

"Huyu nimemkamata! Babu yako alipita kwetu hakulipa ushuru. Mimi nimekuja kudai."

Watu wakageuka. Jilala akamtazama, akaitazama kamba, akamtazama tena. Mwahija akaona kurudi nyuma hakuwezekani tena, bora azame kabisa.

"Unanikodolea nini? Nitampika supu, na wewe nitakupa kwato. Msukuma hata ukimpa biriani anauliza michembe ya viazi iko wapi!"

Mdomo wa Jilala ukaanza kucheza pembeni.

"Jamani," akawageukia watu, "Mzaramo kashika kamba ya ng'ombe. Amezoea kukuna nazi huyu. Angalieni, sasa hivi atamkamua dume!"

Mnada ukaangua kicheko, na Mbuke akacheka kuliko wote. Jioni ile mabenchi ya Mwahija hayakutosha. Wengine walikula wamechuchumaa nje, kila mmoja na tusi lake, naye akawajibu mpaka sauti ikakauka.

Maulidi aliingia kesho yake adhuhuri, kanzu nyeupe, akasimama mlangoni asipate pa kupita.

"Kaka wa mwizi wa ng'ombe huyo!" Jilala akaita. "Kanzu hiyo, umekuja kuoa?"

"Asalaam aleikum," Maulidi akasema, uso mkavu.

Wakaitikia kwa adabu. Nyumba nzima ikapoa, na Mwahija akaitambua ile baridi; aliwahi kuileta yeye.

"Msimchokoze," akasema haraka. "Huyu kalelewa na reli. Hacheki mpaka filimbi ipigwe."

Wakacheka, vijiko vikarudi kazini. Maulidi akampeleka uani.

"Wanakutukana, nawe unafurahi. Funga mizigo."

"Kaka, Tabora nimekaa kwako miaka miwili. Nitajie mtu mmoja mtaani kwenu anayelijua jina langu."

Maulidi akainua kidole kuhesabu majirani, kisha akakikunja.

"Hapa wananijua jina, kabila na ukoo, na vyote wanavitukana. Siondoki."

Mwahija alimsindikiza kwenye lori la kwenda Isaka, akapande treni ya kurudi Tabora. Maulidi akageuka alipokanyaga ngazi.

"Yule mwenye kofia ana mke?"

"Wawili."

"Wanajua anavyokutania?"

"Mkubwa ndiye aliyenipeleka mnadani."

Lori likaanza kunguruma. Maulidi akapanda. Hakusema atakuja lini tena, na hakusema haji. Ilimuuma Mwahija, maana ndiye kaka pekee aliye naye. Alisimama mpaka vumbi likatua, kisha akarudi mbio. Alikuwa ameacha watu mezani.