Machozi kwa Mgonjwa wa Mbali

Makala ya runinga ilipokwisha, Rosebella alikuwa ameshalowesha leso mbili, na ya pili hata haikuwa yake.

Walikuwa wanawake watatu sebuleni kwa Waiyego, pale Yamumbi, kama ilivyokuwa desturi yao kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Waiyego, mwenye nyumba, alikuwa na duka la mbegu na chakula cha ng'ombe kando ya barabara. Rosebella aliongoza maombi ya akina mama kanisani. Wa tatu, Rael, alikuwa amestaafu ualimu miaka minne nyuma, lakini bado aliwatazama watu wazima kama darasa lililofeli mtihani.

Makala yenyewe ilihusu msichana wa nchi ya mbali aliyeugua kifafa. Jamaa zake walimfunga kamba katika banda la mbuzi kwa miaka sita, wakiamini ana mapepo. Kisha daktari mmoja akafika na vidonge, na mwishoni msichana akaonyeshwa akichota maji huku akicheka.

"Ngai!" Waiyego alisema, akizima runinga. "Kuna watu wana roho za mawe. Mtoto wao wenyewe! Jamani, tuwatumie kitu. Walionyesha namba pale chini."

"Tuwatumie, na tufunge," Rosebella akadakia. "Siku tatu, kavu, bila chakula wala maji. Vidonge si vibaya, lakini ugonjwa kama ule una mzizi wa kiroho."

Rael aliweka kikombe mezani. Asubuhi ile alikuwa amejiapiza kwamba hatagombana na mtu.

"Rosebella, daktari ameeleza dakika kumi nzima kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo. Ulikuwa unalia au unasikiliza?"

"Nilikuwa nafanya yote mawili, Mwalimu."

"Basi umefeli yote mawili."

Waiyego alicheka, akidhani ni mzaha. Kicheko chake ndicho kilichommaliza Rael uvumilivu.

"Na Mabonga je?" aliuliza. "Mabonga mlimlilia lini?"

Kicheko kilikatika. Mabonga alikuwa amepima na kubeba magunia katika duka la Waiyego kwa miaka minane, na kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa akiwaonyesha watu mahali pa kuketi. Miezi miwili iliyopita alianguka katikati ya ibada, povu likimtoka. Watu waliruka viti. Mama mmoja alipiga kelele kwamba mtu asikanyage mate yake, yanaambukiza. Wiki iliyofuata kamati ya kanisa iliamua apumzike utumishi, na siku mbili baadaye Waiyego naye akamwambia apumzike kazi. Sasa alikuwa kwa kaka yake, huko mji mdogo wa Ziwa.

"Mambo ya Mabonga ni tofauti," Waiyego alisema. "Mimi nina wateja. Wanaogopa."

"Hata wale wenye banda la mbuzi walikuwa na majirani. Nao waliogopa."

"Usinilinganishe na wale watu, Mwalimu!"

"Nakulinganisha. Tofauti ni kwamba wewe hukuwa na kamba."

Waiyego alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Sawa. Na wewe je? Si wewe ndiye katibu wa kamati? 'Ndugu Mabonga apumzike mpaka Bwana atakapomponya.' Hayo maneno yameandikwa kwa mwandiko wa nani? Mlikaa saa nzima, na wewe hukusema neno."

Rael alihisi masikio yakimwaka. Lililomchoma zaidi, Waiyego hakulijua: mwenyekiti alikosea kisarufi siku ile, na yeye, Rael, akarekebisha sentensi kabla ya kuiandika. Alimfukuza mtu kwa Kiswahili sanifu, kisha akaenda nyumbani kupika.

"Inukeni," alisema. "Twendeni Ziwa."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka kutuma kitu nchi ya mbali, na Ziwa ni hapa tu. Washa pikapu."

Njia nzima walibishana. Rosebella alisema Rael anawasema watu kana kwamba Mungu amempa fimbo. Rael alisema afadhali fimbo kuliko leso. Waiyego alisimama mara moja kununua sukari na unga, na Rael akagombana naye kwa hilo pia, ingawa hakujua kwa nini.

Walimkuta Mabonga akiwakatia ng'ombe wa kaka yake majani. Aliwatolea viti, akanawa mikono, akawasalimu mmoja mmoja kwa heshima. Hakutabasamu. Waiyego aliweka mfuko wa sukari na unga chini. Rosebella alikuwa tayari ameinuka, mkono juu, apate kumwombea.

"Ngoja kwanza, Mama," Mabonga alisema. "Mimi nameza dawa mwaka wa kumi na moja sasa. Kabla ya siku ile nilikaa miaka sita bila kuanguka. Mnajua kilichoniangusha?"

Hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Ilikuwa ile wiki ya kufunga. Wewe, Mama, ulisema kanisa zima tufunge kavu. Nikakufuata nje, nikakuuliza, na dawa zangu je? Ukaniambia mtu anayeshika Mungu na vidonge pamoja hajaamua bado. Nikaona aibu. Nikaacha siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumapili."

Mkono wa Rosebella ulishuka polepole. Rael alikuwa na maneno makali tayari kinywani, tena mengi, lakini alipouona uso wa rafiki yake aliyameza.

"Nilisema hivyo," Rosebella alisema hatimaye. Safari hii hakuwa na machozi. "Nilisema, Mabonga. Na ulipoanguka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukimbia. Nisamehe."

Mabonga alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Tutaona," alisema. Kisha akamgeukia Waiyego. "Mama Brian, asante kwa sukari. Watoto wa kaka wataifurahia. Lakini mimi sikuomba sukari. Wala sitaki mtu anipige picha akanionyeshe kanisani watu walie. Nataka kazi yangu."

"Na wateja?"

"Yesu wangu!" Rael alifoka.

"Mwache aulize, Mwalimu," Mabonga alisema. "Wateja niachie mimi, wananijua. Wewe wafundishe tu walio dukani. Nikianguka, wasogeze vitu vigumu, wanilaze kwa ubavu, wasinitie kijiko mdomoni, wangoje. Nisipoamka upesi, wanipeleke hospitali. Si kazi ngumu."

Waiyego aliwatazama ng'ombe kwa muda mrefu, kana kwamba wao ndio watakaoamua. "Jumatatu," alisema. "Lakini ngazi ya stoo hupandi."

"Sipandi."

Jumatatu alirudi. Mkulima mmoja wa Chepsaita alimkazia macho, akamuuliza kama si yeye yule wa kifafa. "Ndiye," Mabonga alijibu. "Unataka gunia ngapi?" Wengine wawili walihamia duka la pili, na mmoja wao akarudi kwa sababu huko mizani ilikuwa mbovu.

Kamati ya kanisa ndiyo iliyomchosha Rael. Aliomba maneno yale yafutwe. Wakasema watalijadili kikao kijacho. Kikao kijacho wakasema waliombee. Kikao cha tatu alisimama, akawasomea mstari wake mwenyewe mara mbili, kisha akaupiga mstari mwekundu mbele yao na kuwaambia watafute katibu mwingine. Walifuta. Katibu hawakutafuta. Mabonga hakutaka kurudi mlangoni, ingawa walimwita. Alikaa kiti cha nyuma kama muumini wa kawaida, akasema hapo panamtosha.

Ulipofika wakati wa kufunga tena, Rosebella alisimama mbele ya akina mama, akasema waziwazi: mwenye dawa ameze dawa, na mwenye kuhitaji chakula ale, na yeyote atakayesema vinginevyo aje amwone yeye. Rael alikaribia kupiga makofi. Kisha Rosebella akaanza kukemea roho za magonjwa, na akazikemea kwa dakika ishirini bila kupumzika.

Nje alimkimbilia Rael. "Nimesema vizuri, Mwalimu?"

"Umesema vizuri sana. Sasa hayo mapepo uliyaleta ya nini tena?"

"Wewe huchoki?"

"Nimechoka zamani," Rael alisema. Akamshika mkono, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi, wakashuka pamoja kuelekea kwenye pikapu, ambako Waiyego alikuwa akipiga honi bila huruma.