Barua ya Kukabidhi Ofisi

Barua ililetwa Jumatatu asubuhi, na mpaka jua linafika utosini Mzee Muhuri alikuwa ameshaisoma mara sita. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, maana shule aliiacha kabla shule yenyewe haijamzoea. Mara ya saba akampa binti yake amsomee, labda kwa sauti ya mtu mwingine maneno yangelainika kidogo.

"Unatakiwa kukabidhi ofisi ya umma unayoishikilia kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa," binti akasoma, pacha mmoja begani, mwingine magotini. "Kuendelea kuishikilia ofisi ya umma baada ya muda huo ni kosa."

"Umeona?" mzee akasema. "Wanataka chumba."

Na chumba ndicho hicho walichokuwa wamekaa. Kwa miaka kumi na tisa aliyokuwa mwenyekiti wa mtaa, ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, benchi, na mlango unaotazama barabarani. Mtu akisema "naenda ofisini", anakuja pale. Jina la Mzee Muhuri alilipata humo humo, kwa sababu alikuwa akigonga muhuri kwa nguvu mpaka kuku wanatawanyika uani. Basi mwezi uliopita akashindwa uchaguzi, akashindwa na msusi, mwanamke anayesuka nywele pale njia panda, na wiki hiyo hiyo binti yake akarudi nyumbani na mapacha wa miezi miwili. Benchi likasukumwa pembeni, godoro likatandikwa. Chumba kingine cha nyumba ni cha mzee, nacho ni chembamba hivi kwamba ukitaka kujigeuza lazima uuombe ukuta radhi.

"Baba, chumba hakikabidhiwi," binti akasema. "Utaking'oa ukibebe kichwani?"

"Wameandika ofisi."

"Ofisi, ndiyo. Hawajaandika chumba."

"Sasa ofisi nyingine ninayo wapi mimi? Mfukoni?"

Binti akacheka, lakini mzee hakucheka. Alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, na chumba kile ni hatua tano tu, kwa hiyo alikuwa anageuka geuka kama mtu aliyedondosha sindano. Jumanne akatembea hivyo hivyo. Jumatano binti akamwambia, "Baba, nenda kawaulize wenyewe walioandika, maana unawaamsha watoto kwa visigino."

Akaenda. Kule ilikotoka ile barua kulikuwa na karani kijana, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Karibu mzee wangu. Tatizo nini?"

"Nataka uniambie ofisi ya umma ni kitu gani."

Karani akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Si ni… ile kazi. Cheo. Ile nafasi uliyokuwa nayo."

"Siyo chumba?"

"Aa, siyo chumba, mzee! Ofisi ya umma ni kazi ambayo watu wamekupa uwafanyie. Unaifanya kwa niaba yao, muda ukiisha unawarudishia. Hata ungekuwa unafanyia chini ya ngazi, bado ingekuwa ofisi ya umma."

"Kwa hiyo nikabidhi nini?"

"Muhuri, daftari la wakazi, basi. Chumba ni chako, kalale."

Mzee akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumatatu. Akasimama, akashukuru, akafika mlangoni. Karani akamwita.

"Lakini mzee, hicho chumba ulikijenga mwenyewe, si ndiyo? Maana kama umma ulichangia, hapo ni hadithi nyingine."

Mzee Muhuri akakohoa. Akasema kumbe muda umekwenda, akatoka.

Kikohozi kile hakikuwa cha kifua. Kuta alijenga mwenyewe, hilo ni kweli, tofali kwa tofali pamoja na marehemu mkewe. Lakini mabati! Mwaka wake wa pili wa uenyekiti mvua zilipiga, watu wanasubiri huduma wakilowa, naye akaita mkutano akasimama juu ya benchi akasema kwa mdomo wake: "Jamani, tuezeke ofisi ya umma." Watu wakaleta mabati manane, huyu la zamani, yule jipya, mwingine lenye matundu. Yakapigiliwa juu ya kile chumba. Miaka ikapita, waliotoa wengine wakahama, wengine wakafa, hakuna aliyeuliza. Na yeye hakuwa mwizi, jamani, tusimwonee. Alisahau tu, kama mtu anavyosahau kofia iliyo kichwani mwake.

Alipofika nyumbani binti akauliza, "Wamesemaje?"

"Chumba ni changu."

"Si nilikwambia!"

Angepaswa kukaa ale. Hakukaa. Alikuwa anatazama juu, anahesabu mabati kwa midomo, anatoka nje, anarudi, anahesabu tena kana kwamba yangepungua.

"Baba, una nini tena?"

Akamweleza. Binti akafunga mlango wa barabarani kabla ya kujibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na wewe usijue. Nina watoto wawili hapa, baba. Ukilisema hilo, wakaja na nyundo, mimi nitalala wapi nao? Kwenye kile kibweta chako?"

"Ndiyo hapo, mama. Ndiyo hapo."

Ijumaa saa tano na nusu msusi akafika, bado ana kitana kwenye nywele zake, na nyuma yake mteja aliyesukwa nusu ya kichwa. Upande wa kulia misuko imekaa sawa, upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya.

"Baba, utusamehe," msusi akasema. "Huyu amekataa kubaki peke yake."

"Nibaki nimsubiri nani?" mteja akasema. "Ukishaingia serikalini nani atanimalizia kichwa?"

Mzee akatoa muhuri, akatoa daftari. Msusi akatia sahihi, naye akatia yake polepole. Ikawa imekwisha, dakika tatu, miaka kumi na tisa. Binti amesimama na mapacha, anamtazama baba yake usoni, anamkaza kwa macho.

"Kuna kingine," mzee akasema.

"Baba!"

"Mabati ya hapa juu ni ya watu. Manane. Walileta kwa ajili ya ofisi ya umma, nami ndiye niliyeyaomba."

Hata pacha aliyekuwa analia akapumzika kusikiliza. Msusi akatazama juu, akatazama godoro, akawatazama watoto. Ilionekana wazi huruma imemshika.

"Mwambie basi ayaache," mteja akamnong'oneza, lakini kwa mnong'ono wa kusikika barabarani. "Ni mabati ya kutu hayo."

"Siwezi," msusi akasema.

"Huwezi nini?"

"Baba, ungeniambia jana, ningesema yaache, nani anayajali. Jana nilikuwa msusi. Leo sina ruhusa ya kukupa, maana si yangu." Akaushika muhuri kama kitu cha moto. "Dakika tano tu nimekuwa mwenyekiti na tayari nimeshakosa raha. Wewe uliwezaje miaka yote hiyo?"

"Nilisahau," mzee akasema. "Ukisahau unalala vizuri."

Ikabidi watu waitwe. Mkutano ukawa Jumapili, pale pale mbele ya mlango, na kuanzia Ijumaa hadi hapo binti hakumsemesha baba yake zaidi ya "chakula hicho" na "pita". Mzee naye hakupata pa kukaa. Akikaa ndani anaona mabati, akikaa nje anaona mlango.

Watu wakaja, wakabishana. Fundi baiskeli akadai bati la kona ni lake, la marehemu baba yake, analijua kwa tundu. Mwingine akasema mzee asumbuliwe wa nini. Mzee akanyanyuka kusema, msusi akamzuia kwa mkono, taratibu: "Baba, jambo linakuhusu, kaa kwanza." Miaka kumi na tisa hakuwahi kuambiwa kaa.

Aliyesema ni binti. Akatoka na mapacha wote wawili, mmoja huku mmoja huku.

"Na mimi ni umma," akasema. "Na hawa pia, hata kama hawajui kusema. Mwenyekiti hana pa kukaa, kule njia panda watu wanachomwa na jua. Njooni mkae chini ya mabati yenu. Asubuhi chumba kiwe ofisi. Mchana mkiondoka, natandika. Siku mkipata pengine, njooni na nyundo, sitamzuia mtu. Ila atakayegonga muhuri agonge polepole, watoto wakishtuka nitamwachia awabembeleze."

Watu wakacheka, mikono ikapanda. Fundi baiskeli akapandisha wake mwisho, nusu, kama anajikuna. Ikapita.

Jumatatu godoro likakunjwa, meza ikarudi mahali pake. Msusi akakaa nyuma yake, karatasi imekunjwa chini ya ule mguu mfupi. Mzee Muhuri alikuwa kwenye chumba chake chembamba, mlango umeachwa wazi kidogo, anakaa, anasimama, anakaa. Saa tatu mtu akagonga mlango wa barabarani.

"Hodi! Mzee Muhuri, upo? Jirani ameniziba njia!"

Mzee alishafika mlangoni mwa chumba chake. Mkono upo kwenye komeo, mdomo umefunguka, na jibu analo, maana ugomvi wa njia ile anaujua toka ukuta wa huyo jirani haujajengwa. Binti yake akamtazama kutoka uani.

"Mwenyekiti!" mzee akaita, akaliachia komeo. "Una mgeni."