Mnuno Asiye na Lebo

Ndoto ya alasiri, husema watu, ni ya tumbo lililoshiba, haina tafsiri. Basi huyu Mwatumu ninayewasimulia hakuwa ameshiba. Alirudi kutoka kazini, akakataa chai, akakataa na kiazi cha kuchemsha, akajitupa mkekani na kumweka kifuani mwanawe Nasriya, mtoto wa miezi saba. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga vitu viwili: kipande cha karatasi ngumu, cheupe, kisicho na neno, na kijipenseli kilichochongwa mpaka kimebaki urefu wa kidole gumba.

Mwatumu alikuwa msaidizi katika kituo cha utafiti wa samaki, chumba cha chupa. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kuongeza spiriti inayowahifadhi samaki wasioze, na kuwafunga lebo kwa uzi unaopitishwa shavuni. Jioni tatu kwa wiki alikwenda shule ya watu wazima, na huko ndiko alikojifunza kumtazama samaki kama mtu anavyotazama sura ya mgeni mlangoni, bila pupa, jicho baada ya jicho, pezi baada ya pezi. Miezi miwili nyuma meli ya utafiti ilileta samaki wa kilindini, na kati yao mmoja alimkaa moyoni. Alikuwa mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, laini kama uji wa muhogo uliopoa, hana magamba, na midomo yake minene imesukumwa mbele kama ya mtoto aliyenyimwa sukari. Vitabu vya wataalamu vinao ukoo wake kwa Kilatini. Kwa Kiswahili Mwatumu hakulijua jina lake, wala hakumpata anayelijua, akamwita mnuno.

Sasa, katika chumba cha chupa kuna sheria moja ambayo hata mfagizi anaijua: lebo huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huliwa na spiriti. Lakini siku ile melini Daktari Msellem, mkuu wa safari, aliandika lebo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu yake yenye kifuniko cha dhahabu, akisema penseli ni ya watoto wa chekechea. Baada ya wiki tatu spiriti ikageuka samawati na lebo zikabaki nyeupe kama meno. Wavu upi, siku ipi, mita ngapi chini, vyote vimekwenda. Na samaki asiyejulikana alikotoka, kwa watu wa kazi ile, ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.

"Andika upya," Daktari alimwambia asubuhi hiyo, akimpa karatasi tupu. "Mkunga. Mita mia tatu. Weka na sahihi yako. Ripoti inaondoka kesho."

"Daktari, samahani. Mkunga, huyo samaki kama nyoka, hana mapezi ya mashavuni. Huyu anayo, mapana kama viganja."

"Shule ya jioni hiyo. Imekupanda kichwani."

"Na hizo mita mia tatu tumezitoa wapi?"

Daktari alicheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mwatumu, binti yangu, samaki hana kesi. Nani atakuja kumuuliza? Mkataba wako unaisha mwezi huu, mimi ndiye ninayeweka sahihi. Nisaidie nikusaidie."

Nyumbani mumewe Shaame, fundi makochi, alisikiliza kisa chote huku akichomoa misumari midogo mdomoni, kisha akasema kwa upole, "Andika tu yaishe, Mama Nasriya." Akarudi uani kwenye kochi lake. Mwatumu akabaki na mtoto kifuani, nyundo ikigonga nje, ko, ko, ko, na kila pigo likawa mbali kidogo kuliko lililotangulia, mpaka mkeka ukalegea chini yake kama maji.

Akazama. Aliona miguu yake ikitangulia, kanga imemfunguka juu kama mwavuli, mtoto kamshika shingo wala halii. Maji yalikuwa ya kijani, yakawa ya buluu, kisha ya rangi ya nili iliyokolea, hata rangi zenyewe zikachoka kumfuata. Hapo kwenye giza akaona taa. Ilikuwa taa ndogo, nzuri, inayoning'inia mbele ya paji la uso wa bwana mnene mwenye kilemba, naye akaita kwa sauti ya asali, "Karibu mwanangu, karibu kwenye mwanga! Mimi ni Sifa. Waliokuja kwangu wote wametajwa." Mwatumu akasogea, maana nani hapendi kutajwa? Akaliona jina lake limeandikwa ndani ya ule mwanga, MWATUMU, kwa herufi za dhahabu, na nyuma ya jina akaona meno, marefu kama sindano za makochi, yameinamia ndani ili aingiaye asitoke. Akapiga teke maji akarudi nyuma. "Waliotajwa wako wapi?" akauliza. Bwana Sifa akajipangusa midomo. "Wapo," akasema, "wapo ndani."

Akazidi kushuka mpaka akafika kwenye lango, na mlinzi wa lango alikuwa kijana mtanashati aliyevaa koti la Daktari na kuchomoa misumari mdomoni kama Shaame. Jina lake Yaishe. Mezani kwake palikuwa na rundo la lebo zilizokwisha kujazwa. "Shemeji," alisema, "mbona unajitesa? Chukua moja. Hii ina mita mia tatu, hii mia tano, hii ina jina la mtu mwingine lakini nani atajua? Chukua, upite, ukapumzike, una mtoto." Sauti yake ilikuwa laini kama mto, na mikono ya Mwatumu ilikuwa imechoka. Akanyoosha mkono. Mkono ukafika kwenye karatasi.

"Kabla hujaichukua," ikasema sauti kutoka chini ya meza, "uje kwanza uwatazame walioandikiwa."

Aliyesema alikuwa mnuno. Alikuwa amejizungusha duara mchangani, na ndani ya duara lile mayai yake yalilala, makubwa, meupe, kila moja na jicho jeusi linalotazama. Hakuinuka, ila mchanga ulimbeba pamoja na mayai yake, akawa anatangulia na Mwatumu akifuata. "Mimi naitwa Makini," alisema. "Sina mbio, usinihimize. Wapo jamaa zangu wa maji ya baridi ya kaskazini ambao hawatagi kabisa, hulea wana ndani ya tumbo na kuwanyonyesha humohumo, kama wewe na huyo wako, kabla hawajauona ulimwengu. Sisi wengine twajikunja hivi. Njia si moja, lakini kazi ni ileile: kukaa na kitu kidogo mpaka kijulikane ni nani."

Wakaingia katika mji wa chupa. Mitaa na mitaa, chupa zimesimama kama nyumba, na katika kila moja samaki mweupe aliyepauka, macho kama maziwa, uzi shavuni. Wengi walikuwa na lebo tupu, na hao waligonga kioo taratibu wakiuliza, "Nilitoka wapi? Nilitoka wapi?" Sauti zao zikawa kama mvua juu ya bati. Mwatumu akalia. "Maskini hawa," akasema, "hakuna walio hohehahe kama hawa." Makini akasema, "Wapo. Piga hodi pale." Palikuwa na mtaa ulio kimya. Samaki wake wote walikuwa na lebo zilizojaa, mwandiko mzuri, sahihi na tarehe, na hakuna aliyegonga kioo. Mwatumu akamkaribia mmoja, akamuuliza kwa nini haulizi alikotoka. Samaki yule akafungua kinywa kwa shida. "Nimuulize nani? Nimeandikiwa uongo. Wale wenzangu wa lebo tupu, kila apitaye husimama akajiuliza, na iko siku mtu atakwenda kuwatafuta kwao. Mimi wamekwisha nipata mahali nisipowahi kufika. Wanatupa nyavu huko, hawanioni, wanasema nimekwisha. Na kule kwetu hasa, wameandika: hakuna kitu."

"Lebo tupu ni swali," akasema Makini polepole. "Ya uongo ni mlango uliopigwa misumari. Swali laweza kungoja miaka mia. Nyuma ya mlango huo hakuna anayebisha."

Ndipo mji mzima ukatetemeka na maji yakawa mazito. Kutoka juu alishuka mzee asiye na umbo, mkubwa kama usiku, akakalia mapaa ya chupa, akakalia mabega ya Mwatumu, akakikalia hata kidole chake kidogo. Alikuwa Shinikizo, mwenye nchi ile. "Mimi," alisema, na kila mfupa ulisikia, "nina uzito wa mkataba. Nina uzito wa kodi ya nyumba, na ada ya shule ya jioni, na watu watasemaje. Nani wewe usiinamishe shingo?" Waliokuwa wamejaa hewa ndani wakaanza kupasuka. Bwana Sifa alipasuka kwa kishindo kule juu. Lile koti la Daktari likanywea likabaki nguo tupu mezani. Mwatumu akasikia mbavu zikimbana, akamkumbatia Nasriya, akapaza sauti, "Makini! Mbona wewe hupasuki?"

Mnuno alikuwa amelala vilevile, midomo imenuna, mayai yamemtazama. "Mimi sina kibofu cha hewa," akasema. "Samaki wengi hubeba hewa ndani ili waelee, na hewa ndiyo inayobanwa. Maji yaliyomo ndani yangu na yaliyo nje ni mamoja. Atabana nini? Tazama wewe umebeba nini cha kubanwa. Ukiogopa kutotajwa, hiyo ni hewa. Ukitaka Daktari akuone mtoto mzuri, hiyo nayo ni hewa. Iteme."

"Na mkataba je? Huo si hewa. Huo ni unga wa mwanangu."

Makini akasema kwa ukweli ambao Mwatumu hakuutazamia, "Huo si hewa. Huo unaweza kuupoteza. Sikukuambia hutaumia. Nimekuambia hutapasuka."

Basi Mwatumu akapumua nje. Akatoa pumzi moja ndefu, mapovu yakapanda juu kama shanga zilizokatika uzi, na kwa kila povu uzito ulikosa pa kushika. Akasimama wima kwenye sakafu ya dunia. Akamtazama mzee Shinikizo pale asipokuwa na uso, akamwambia, "Kaa upendavyo, babu. Shingo hii hupati." Yule mzee akanguruma, akainamisha uzito wake wote kwa mara nyingine, na hapo hapo kitu chenye ncha kali kikamuuma Mwatumu kifuani.

"Yallah!" Akaruka kutoka mkekani. Nasriya alimwachia ziwa akacheka, na katika ufizi wa chini, cheupe kama punje ya mchele, lilikuwa jino. La kwanza. Jua la alasiri lilikuwa bado mlangoni, nyundo bado ko, ko, ko. Mwatumu akalipapasa jino lile kwa ncha ya kidole, akacheka na machozi yakimtoka. Jana halikuwapo. Au lilikuwapo chini ya ufizi na hakuna aliyelijua, na kama mtu angeandika "hana meno" akafunga daftari, jino lingeota vilevile, kinyume cha daftari. Akafungua pindo la kanga. Akatoa karatasi na kijipenseli, akaandika kwa mwandiko wa shule ya jioni, herufi moja moja:

Jina: bado. Si mkunga, ana mapezi ya mashavuni. Kina: hakijulikani. Lebo ya kwanza iliandikwa kwa wino ikafutika. Mwatumu Shee, msaidizi.

Shaame aliingia kunywa maji, akaisoma juu ya bega lake, akasahau kikombe mkononi. "Mama Nasriya. Hiyo ya wino umeiandika ya nini? Umemvua mtu nguo."

"Nimeandika kilichotokea. Nguo alijivua mwenyewe melini."

Kabla Shaame hajajibu, simu ikalia. Daktari Msellem. Shaame akatikisa kichwa, usipokee; Mwatumu akapokea, mtoto begani.

"Umeshaandika, binti yangu?"

"Nimeandika, Daktari." Akamsomea yote, neno kwa neno, hakuruka hata la wino.

"Futa," Daktari akasema. Sauti ya asali ilikuwa imekwisha.

"Hii ni penseli, Daktari. Haifutiki kwa spiriti."

"Inafutika kwa raba!"

"Ndiyo," akasema Mwatumu, na akashangaa jinsi kifua chake kilivyokuwa chepesi. "Basi kesho asubuhi njoo nayo. Lebo nitakuwa nimemfunga samaki shavuni, chupa nitaiweka mezani, wenzetu wote watakuwapo. Ufute kwa mkono wako."

Simu ikakatwa. Shaame akaketi kando ya mkewe mkekani. "Mkataba umekwenda huo," akasema.

"Pengine."

"Na midomo umeisukuma mbele hivyo, unajijua? Umenuna kama yule samaki wako."

Mwatumu hakuirudisha midomo. Alimkabidhi Shaame mtoto, akamwonyesha jino, akamwacha akipiga kelele za furaha uani kwa majirani, kisha akaifunga lebo katika pindo la kanga, fundo mara mbili, akachukua daftari lake na kuondoka, maana kipindi cha jioni kilikuwa karibu kuanza.