Sahani za Nana Sidra

Mnunuzi wa mikeka alipanda ngazi za nyumba ya Nana Sidra, miwani ya jua usoni, ndevu zimechongwa kama za padri.

"Mimi Senyor Quintos," akasema. "Nimezaliwa Uhispania. Mila za huku sizijui."

Nana Sidra macho yake yana ukungu. Mimi, jirani yake, macho yangu ni mazima, na masikio yale kama vishikio vya sufuria hayakuzaliwa Uhispania hata kidogo. Alikuwa Karpo, mwanawe, aliyeingia milimani na wakulima walioasi mabwana wa mashamba. Wanajeshi walimkosa, wakampiga baba yake mpaka mzee akafa. Nikajua kilichomvalisha miwani: anaogopa laana ya mama. Atamtazama, ataondoka, na mama atazikwa bila kujua mwanawe yu hai. Nikafunga mdomo, nione.

"Utakula samaki mkavu, Senyor?"

"Kama kuna uma, Senyora."

"Uma hatuna. Vidole unavyo, au vilibaki Uhispania?"

Akala, nasi tukila naye mezani. Baada ya matonge mawili matatu akauliza, taratibu, "Na mzee wa nyumba?"

"Alikufa kwa kipigo. Alikata roho akimtaja mwanawe."

"Akimlaani?"

"Akiuliza kama amekula."

Mgeni akapaliwa na wali. Akainuka haraka. "Senyora, basi litaniacha."

Sasa, kwetu mtu akiondoka wenzake bado wanakula, walio mezani hugeuza sahani zao, kuzizungusha tu palepale, ili msafiri asipatwe na baya njiani. Nikanyoosha mkono kugeuza yangu. Nana Sidra akanidaka kifundo, akakibana hasa.

"Tulia, Oring."

Mgeni kafika mlangoni, kofia mkononi. Hatoki. Anatazama meza.

"Senyor wa Uhispania," Nana Sidra akasema, "si basi linakuacha? Unangoja nini?"

Kisha sauti ikatoka ndogo, ya mtoto aliyevunja mtungi: "Sahani."

"Ehee! Na habari za sahani umefundishwa na nani huko?"

Akavua miwani.

"Siku ile wanajeshi walipotukuta mezani ukaruka dirishani," mama yake akasema, "sikuwahi kugeuza yangu. Nimeishi na jambo hilo kooni kama mwiba. Leo sigeuzi ng'o, na Oring akigeuza yake namkata kidole. Kaa, Karpo. Wali unapoa."

Karpo akakaa, akala kwa vidole, machozi na kamasi vikichuruzika pamoja. Mama akawa anampapasa masikio, moja baada ya jingine. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama, nikamchukua yule samaki mkubwa.