Duka Lililokataa Nistaafu

Nilistaafu miaka mitatu iliyopita, ila duka halikupewa taarifa. Ni duka la vifaa vya mabomba, dogo kiasi kwamba ukipiga chafya mlangoni, washa, zile pete ndogo za kuzuia maji kuvuja, zinadondoka kutoka rafu ya nyuma. Nilimkabidhi mkaza mwanangu, kwa kuwa mwanangu mwenyewe ni mwalimu na spana huishika kama chaki. Nikarudi nyumbani kupumzika. Simu ikaanza.

"Shikamoo baba. Washa nyembamba za mpira ziko wapi?"

"Marahaba. Kopo jeupe, nyuma ya ndoo iliyopasuka."

Dakika tano hazijaisha. "Baba, ndoo ipi? Zote zimepasuka."

Simu ililia nikioga, ikalia nikila, ikalia niko kwa daktari wa meno mdomo wazi. Ililia hata jogoo wa jirani akasahau kuwika, akawa anaamsha mtaa kwa mlio wa simu yangu. Ikabidi jirani amuuze, maana kila alfajiri watu walikuwa wanaruka kitandani kumpokea.

Hayo ningeyavumilia. Lakini binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, huko shambani anakoishi na mumewe, mahali ambapo mtandao haushiki hata upande juu ya paa. Safari ya kwenda kumwona mtoto tuliiahirisha mara mbili kwa sababu ya duka. Mara ya pili tulikuwa tumeshakaa kwenye basi. Mkaza mwanangu akapiga akilia, mafundi wanane wako mlangoni na hapati hata kimoja wanachotaka. Tukashuka. Mtoto akaota meno mawili sisi tukimjua kwa picha tu, zile baba yake alizotuma akifika mjini.

"Mara ya tatu naenda," mke wangu akasema. "Ukitaka twende. Hutaki, baki hapa uoane na hilo duka lako."

Alikuwa hatanii. Alishakunja kanga nne kwenye begi, na zangu hazikuwemo hata soksi.

Mkaza mwanangu akasema dawa ni kompyuta. Kuna programu zinazoonyesha kila kifaa kiko rafu gani na vimebaki vingapi. Akachukua tatu za majaribio, akaahidi: siku duka litakapomaliza kutwa nzima bila kunipigia, kesho yake tunapanda basi.

Ya kwanza ilikuwa na michoro ya rangi, mistari inapanda na kushuka kama homa. Tuliipenda wote, mpaka paka. Ya pili ilikuwa na nguvu za kutisha. Kila asubuhi iliuliza, kati ya matawi yako sita leo unafungua lipi? Sisi tuna tawi moja. Mtandao ukikatika ilizungusha duara kwenye kioo, na mkaza mwanangu akazungusha macho nayo. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya, rangi ya ukuta wa zahanati, ila haikuhitaji mtandao na ilikubali picha za simu.

Zote tatu zilikwama palepale. Alikuja fundi mmoja tunayemwita Mluzi, maana hupiga mluzi hata akizibua choo.

"Dada, nipe Shemeji wawili na Hakimu mmoja."

Mkaza mwanangu akaandika Shemeji. Kompyuta ikasema hakuna. Akaandika Hakimu. Hakuna. Simu ikalia nyumbani.

Sasa hapo lazima niseme ukweli, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Majina ya kiwandani hayajawahi kukaa kichwani mwangu. Kwa miaka thelathini kila kifaa nilikibatiza mwenyewe. Shemeji ni kile kiungo cha bomba nene na bomba jembamba, kwa kuwa hupatanisha nyumba mbili zisizolingana. Hakimu ni valvu inayoruhusu maji kwenda tu, kurudi hakuna. Mlevi ni boya la tangi. Mafundi wa mtaa mzima walijifunzia kazi kwangu, kwa hiyo hawajui majina mengine. Naye mkaza mwanangu, binti msomi, alikuwa ameingiza vifaa vyote kwa majina ya kwenye katalogi. Kumbe tulikuwa tunailaumu mashine, na kosa limekaa nyumbani linakunywa chai.

Jumapili akaja na daftari. "Baba, leo utataja yote."

Nikataja majina mia mbili na kumi na moja. Sauti ikakauka, nikaendelea kwa ishara.

"Na ile koki ndefu ya rafu ya nne? Mafundi wakiitaja wananiangalia wanacheka."

Nikakohoa. "Mama Mkwe."

"Kwa nini?"

"Ukishaifunga, inaendelea kidogo."

Mke wangu, aliyekuwa anashona kifungo pembeni, akainua kichwa. "Mama mkwe wa nani? Maana wako wewe ni mama yangu, na wa huyu ni mimi."

Nimewahi kuziba bomba kuu kwa meno kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, mtaa mzima usikose maji. Lakini kubanwa kama siku ile, sijawahi.

"Wa fundi mmoja hivi," nikasema. "Marehemu."

"Andika, mwanangu," mke wangu akamwambia mkaza mwana. "Andika kwa herufi kubwa."

Daftari lilipojaa, uchaguzi ukawa rahisi. Programu ya kwanza ilikubali jina moja kwa kila kifaa. Ya pili mawili. Ile yenye rangi ya zahanati ilikuwa na sehemu ya majina mengine, uandike hata kumi. "Ndiyo hii," akasema, na michoro ya rangi hakuitazama tena. Wiki nzima akapiga picha na kuandika.

Alhamisi ikawa siku ya mtihani. Nikamkabidhi mke wangu simu, nikaapa sitakanyaga dukani. Na kweli sikukanyaga. Nilikaa ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu, nyuma ya gazeti, nikampa kiatu kizima akishone.

Saa nane mchana akaja Mluzi. Huyu huongea kama yuko juu ya tangi, na anayemjibu hujikuta anapaza sauti naye, kwa hiyo sikuhitaji kusogea.

"Mama Mkwe wawili, nusu inchi!"

Mkaza mwanangu akaandika. "Rafu ya nne, kopo la bluu. Haya, hawa hapa."

Nikashusha pumzi. Mluzi akaongeza, "Na Kinyozi mmoja."

Kinyozi! Nilimsahau! Mkaza mwanangu akaandika, akafuta, akaandika tena. Akachukua simu. Nikasimama.

"Mzee," fundi viatu akanishika shati, "unaenda wapi na mguu mmoja?"

Ng'ambo, mkaza mwanangu aliitazama ile simu, kisha akaiweka mezani. "Huyo Kinyozi anafanya kazi gani?"

"Bomba likiharibika meno ya kufungia, anayanyoa, anachonga mapya."

Akamgeuzia kioo, akawa anapitisha picha mojamoja. Mluzi akaruka. "Huyo! Huyo hapo!"

Akampa, kisha akaliandika jina mwenyewe. Mlangoni hakuangalia hata mara moja kuona kama nakuja.

Nilidhani nitaumia kidogo. Wapi! Mabega yalishuka yenyewe, kama mtu aliyetua ndoo mbili alizobeba tangu ujana. Nikamlipa fundi viatu kwa kiatu ambacho hakikuwa na shida yoyote, nikamshukuru.

Ijumaa tukapanda basi. Nyumba zilipoisha dirishani, mke wangu akanigeukia.

"Mzee, nina jambo. Ile simu jana niliizima tangu asubuhi. Sikutaka tushushwe tena. Huenda walipiga mara mia, sijui."

Nikacheka mpaka dereva akageuka. "Hawakupiga. Nilikuwa kwa fundi viatu kutwa nzima."

"Si uliapa?"

"Niliapa kutokanyaga dukani."

Akanifinya paja. Halafu taratibu, "Hakupiga kabisa?"

"Aliishika, akaiweka."

Akavua viatu, akaegemea bega langu. "Hebu nihadithie hapo alipoiweka."

Nikamhadithia. Akataka tena. Mara ya tatu mafundi mlangoni walikuwa wameshafika arobaini, na yeye amelala fofofo.